Mtafute babu kwa bibi: namna nyingine ya kusoma Habari za Wakilindi

Ramani ya Handeni na Korogwe ni kama daftari la ukoo lililonyofoka kurasa. Kwamatuku, Kwamgwe, Kwasunga, Kwagunda, Kwashemshi, Kwamndolwa: huku kila unapogeuka ni "kwa" fulani. Fulani huyo alikuwa nani, alikuja kutoka wapi, alioa kwa akina nani? Waulize wazee wawili, utapata majibu matatu.

Na swali lenyewe haliishi. Linarudi kila panapozuka mgogoro wa shamba, linarudi kwenye misiba mikubwa, linarudi mjukuu akija likizo kutoka Dar na simu yake ya kurekodi sauti: yule mzee wetu wa enzi za Mjerumani alikuwa nani hasa? Wengine wanaishia kwenye masimulizi ya barazani. Wengine wanafunga safari hadi Nyaraka za Taifa. Na upande wa Korogwe, hasa kwa wenye damu ya Kisambaa au Kibondei, haikosi mtu wa kusema: mbona kuna kitabu?

Kweli kipo, kinaitwa Habari za Wakilindi. Hoja yangu hapa ni kwamba tumezoea kukisoma vibaya. Tunakisoma kama cheti cha kuzaliwa: nani alimzaa nani, nani ni wa damu ya ufalme na nani amejipachika. Kikisomwa hivyo, kinawafaa watu wachache sana na kinawadanganya wengi. Kikisomwa kama kisa cha jinsi ukoo unavyotengenezwa, kinatufaa karibu sote, hata ambao hawajatajwa ndani yake. Na jambo kubwa kinalotufundisha, labda bila mwandishi kukusudia, ni kwamba anayemtafuta babu aanze na bibi.

Nianze na mwandishi. Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy alikuwa Mwislamu wa pwani. Aliishi karibu na Semboja, mtawala wa Mazinde, ambayo leo iko wilaya ya Korogwe, na baadaye akawa liwali wa Tanga chini ya Wajerumani. Kitabu chake kilichapwa kwa vipande na wamisionari wa UMCA wa Magila, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Toleo ambalo wengi tunalijua ni la mwaka 1962, la East African Literature Bureau, lililohaririwa na J.W.T. Allen. Hebu fikiri: liwali Mwislamu, mtumishi wa serikali ya Kijerumani, anaandika historia ya wafalme wa milimani kwa Kiswahili, na kanisa la Kiingereza linaichapa. Kitabu kilichopita mikono mingi namna hiyo hakiwezi kuwa kioo safi. Kimebeba alama za vidole vya wote waliokishika.

Kisa kikubwa cha mwanzo ni cha Mbega. Alizaliwa Nguu, milima ambayo leo iko wilaya ya Kilindi, iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Alikuwa kigego, yaani meno yake ya juu yalitangulia kuota, na mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa nuksi. Wazazi wakamlea hivyo hivyo. Walipokufa, ndugu wakamnyima urithi. Akawa mwindaji wa nguruwe, akahamia Kilindi, akapendwa. Kisha mtoto wa mtawala wa huko akafa wakiwa pamoja katika kuwinda, na Mbega akakimbia na mbwa wake. Akapita msituni, akapanda Usambara, akawa anawaulia watu nguruwe walioharibu mashamba na kuwagawia nyama. Kwa nyama hiyo, kwa uhodari wake na kwa kuamua kesi zao, wakampa wake, na mwisho Vugha wakampa utawala.

Sasa tazama ajabu yake. Ukoo unaojulikana kuliko wote katika nchi hizi unaanza na mtu aliyekatwa na ukoo wake. Hata jina la Wakilindi halikutoka kwa baba. Ni jina la mahali alipokaa mgeni na kutoroka usiku akiogopa kisasi. Kwa hiyo anayekwenda kwenye kitabu hiki kutafuta mzizi usiotikisika anakutana, ukurasa baada ya ukurasa, na mtu asiye na mzizi anayejitafutia ndugu.

Anawapata kwa kuoa, na hapo ndipo penye uzito wa kitabu. Mbega akifika mahali anapewa mke, na wa kumpa mke ni wenyeji. Watoto wanaozaliwa wanakulia mikononi mwa wajomba, na wakikua wanatawala nchi za wajomba zao. Utawala wa Wakilindi haukuenea kwa mkuki peke yake, ulitandazwa kama mkeka, na ukili wake ulikuwa wanawake waliotolewa na koo za wenyeji. Soma tena mambo ya Kimweri ya Nyumbai na wanawe waliosambazwa kila upande: ukitaka kujua kwa nini huyu alikaa hapa na yule pale, swali la "baba yake nani" halikusaidii, maana baba yao ni mmoja. La kukusaidia ni "mama yake ametoka wapi?"

Kwa upande wa uandishi, sifa zake Abdallah anastahili. Hahubiri. Anawaacha watu waseme: mabaraza yanajadiliana, wajumbe wanapeleka maneno na kurudi na majibu, washauri wanapinga, mtawala anasitasita. Mara nyingine unasahau kuwa ni historia, unadhani umekaa kibarazani unasikiliza shauri. Kwa msomaji anayetafuta mzee wake hii ni faida, maana inamwonyesha watu wa zamani wakifikiri na kubishana. Hawakuwa majina tu yaliyopangwa kama vigae. Steven Feierman, aliyeandika The Shambaa Kingdom mwaka 1974, alikipima kitabu hiki kwa masimulizi ya wazee wa Kisambaa. Hakukichukua kama msahafu, na hakukitupa kama hekaya. Na sisi tufuate njia hiyo.

Lakini kasoro zipo, na ni nzito. Wanawake ambao ndio ukili wa mkeka huu mara nyingi hawana sauti ndani yake. Wanatolewa, wanazaa, wanahamishwa, wanatajwa kwa majina ya watoto wao. Mwandishi anajua wazi umuhimu wa mama wa fulani, kwa sababu kisa chake hakiendi bila yeye, ila hatumsikii mama huyo akisema alivyoiona safari ya kutoka kwao.

Kasoro ya pili inaonekana baada ya Kimweri kufa, mnamo 1862. Mjukuu wake Shekulwavu alirithi Vugha, Semboja akamwondoa na kumweka huko mwanawe mwenyewe, na yeye akabaki Mazinde kwenye njia ya misafara. Wabondei wakawaasi Wakilindi katika vita walivyoviita Kiva. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuvamiana, na mateka walishushwa pwani kuuzwa. Abdallah anaujua wakati huo vizuri kwa sababu aliuishi. Lakini aliuishi karibu na nyumba ya Semboja, na kutoka dirisha la mkubwa mateka huonekana kwa jumla: walichukuliwa, waliuzwa, basi. Ukiwa mjukuu wa mmoja wa hao, kitabu kinakupa vita vilivyomchukua bibi yako, bibi mwenyewe hakikupi.

Na tuseme ukweli, wajukuu wa hao si wachache. Si kila mateka alivuka bahari. Wapo walioolewa humu humu, watoto wao wakahesabiwa wa ukoo wa mume, na habari ya mama ikafunikwa kwa heshima, kwa aibu, au kwa yote mawili. Kuna dalili moja ambayo wazee wanaijua hata kama hawaitaji kwa sauti: bibi asiye na wajomba. Harusi zinafanyika, misiba inapita, na upande wake hatokei mtu. Hiyo ni dalili tu, ushahidi ni kitu kingine. Mtu anaweza kukosa ndugu kwa njaa au kwa maradhi. Lakini ni dalili ambayo hakuna faili litakaloionyesha, na ambayo msomaji makini wa Habari za Wakilindi anaweza kuitambua, kwa sababu kitabu kizima kimemfundisha kuwa mjomba ni nguzo. Nguzo isipokuwepo, uliza kwa nini.

Wengi wanadhani nyaraka za mkoloni zitaziba mapengo haya. Zinaziba machache. Serikali ile iliandika watu kwa sababu zake: iliwataka walipe, wafanye kazi, au waadhibiwe. Kodi ya kibanda ilipoanza mwaka 1898, kwa rupia 3, kilichohesabiwa kilikuwa paa. Mzee mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, alikuwa mtu mmoja mwenye vibanda vitatu. Yaani bibi zetu wamo kwenye hesabu hiyo, ila wameingia kama nyumba. Mwaka 1907 Usambara ikaletewa kipande cha kazi: siku 30 kwa mzungu katika kila miezi minne, la sivyo unapelekwa kwenye kazi za serikali. Humo utamkuta babu akihesabiwa siku zake.

Reli ilifika Korogwe mwaka 1902. Mkonge, ambao Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 na ukasalia miche 62 tu, ulikuja kufunika bonde lote. Ukaleta watu kutoka mbali, Ubena, Uha, Burundi, Umakonde, na jina walilopewa lilikuwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake. Familia ngapi za Korogwe leo zinaanzia kwa manamba aliyekuja kwa mkataba asirudi? Mtu huyo ni Mbega wa aina yake: ametoka kwao, hana ndugu, anaoa kwa wenyeji, wajomba wa watoto wake ndio wanaompa mahali pa kujenga. Hakuna aliyemwandikia Habari. Lakini kisa chake kina umbo lile lile, na mlango wa kukiingia ni ule ule: kwa nani alioa, na nani alimkubali?

Ukivuka mto Ruvu kuelekea Handeni, jambo hili linazidi kuwa wazi, maana Wazigua, kama majirani zao Wanguu, tangu zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mzungu alipokuja na daftari akauliza "jina la baba", alikuwa anauliza swali sahihi kwa shughuli yake, ila halikuwa swali la ukoo kwa watu aliokuwa anawauliza. Kwa hiyo mtu wa Handeni anayefuata mnyororo wa majina ya baba kwenye makaratasi anaweza kufika mbali sana bila kuugusa ukoo wa mababu zake. Na ukirudi kwa Mbega na jicho hilo, kisa kinapata ladha nyingine. Huyu ametoka nchi ya ukoo wa mama, akaenda kuanzisha nyumba inayorithi kwa baba, lakini akaishikilia kwa wajomba. Sioni kama Abdallah alilipangilia hilo. Limo tu kwenye kisa, kama mbegu ndani ya tunda.

Anayedhani kumbukumbu ya mdomo haifiki mbali, aende Chogo, wilaya ya Handeni. Wapo huko Wazigua ambao wazee wao walichukuliwa kwa majahazi katika karne ya 19 kwenda pwani ya Somalia, wakawa watumwa, wakatoroka na kujijengea vijiji kando ya mto Juba. Simulizi zao zinamtaja mwanamke, Wanankhucha, mwonaji aliyewaongoza kutoka utumwani. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, baadhi yao walishuka tena kwa bahari kuja nchi ambayo wao wenyewe hawakuwahi kuiona. Walikaa kambini Mkuyu, kisha wakahamia Chogo mwaka 2003, na wengi wao wakapewa uraia wa Tanzania. Walikuja na Kizigua chao kinywani, zaidi ya karne moja baada ya kung'olewa. Hawakuwa na Nyaraka za Taifa, hawakuwa na kitabu. Walikuwa na lugha, majina ya koo, na jina la mwanamke.

Kuna maandishi mengine ya kuweka kando ya haya. Martin Kayamba, karani mkubwa wa Tanga, mwanzilishi wa chama cha watumishi wa serikali Waafrika mwaka 1922, na mmoja wa waliokwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge, aliandika habari za maisha yake katika Ten Africans, kitabu kilichohaririwa na Margery Perham mwaka 1936. Kayamba anajifunga kwenye ukoo wa Kimweri, na unaelewa kwa nini: mtu anayesimama mbele ya Waingereza na kusema "sisi pia tulikuwa na wafalme" anahitaji mnyororo wa wanaume wenye vyeo. Simlaumu. Lakini ndiyo namna ya kusoma ukoo tuliyoirithi wengi tuliosoma: babu mwenye cheo anatajwa kwanza, bibi anatajwa nafasi ikibaki. Ukoo umekuwa barua ya kuombea kazi.

Abdulrazak Gurnah, katika riwaya yake Afterlives ya mwaka 2020, amelipima jambo hili kwa mizani nyingine. Ilyas anaondoka kwenda kupigana upande wa Wajerumani na harudi. Miaka mingi baadaye mpwa wake anayafuata makaratasi hadi Ujerumani na kujua mwisho wake ulivyokuwa. Ukisoma haraka utasema: umeona, faili limejibu. Lakini jiulize kwa nini mpwa huyo alitafuta. Ni kwa sababu mama yake, Afiya, hakumsahau kaka yake, hadi akampa mwanawe jina lile lile, Ilyas. Faili lilitoa habari ya kifo, ila lililomfikisha kijana mbele ya faili ni jina alilopewa na mama. Bila Afiya karatasi zile zingekaa kabatini bila mtu wa kuziuliza chochote. Na kijana mwenyewe, kwa yule aliyepotea, ni mtoto wa dada. Tumerudi pale pale kwa mjomba.

Kwa nini nasema haya yana uzito kuliko mazungumzo ya wapenda vitabu? Kwa sababu huku ukoo ni haki. Mtu anaambiwa "wewe si wa hapa" na shamba linakwenda. Mwingine anabeba aibu ya bibi ambaye hakutenda kosa lolote ila kutekwa. Tukikisoma Habari za Wakilindi kama cheti, tunampa silaha mwenye jina ndani yake amfukuze asiye na jina. Tukikisoma kama kilivyo, tunakuta kwamba mwenye jina kubwa kuliko wote alifika na mbwa na mkuki, mgeni, amefukuzwa kwao, akapokelewa na watu waliokuwa na haki ya kumkataa. Hakuna mjukuu wa Mbega anayeweza kumwambia mjukuu wa manamba "wewe umekuja" bila kujisuta.

Ningependa kuona toleo jipya la kitabu hiki, la bei ya mtu wa kawaida, linalopatikana Korogwe stendi na Handeni mjini, lenye maelezo ya maneno magumu na ramani. Zaidi ya yote liwe na orodha ambayo sijaiona katika toleo la 1962 nililosoma: kila mwanamke anayetajwa, kwao wapi, wajomba wa watoto wake ni akina nani, na pale ambapo jina halikuandikwa, nafasi iachwe wazi ionekane kuwa ni nafasi. Kwa upande wa Handeni, Habari za Wazigua ya Anthony Mochiwa, iliyotoka mwaka 1954, nayo isomwe kwa jicho hilo hilo.

Mpaka hapo, anayekwenda kijijini na simu yake ya kurekodi aende na maswali matatu. Bibi alitoka wapi, na alifikaje? Wajomba wa baba walikuwa akina nani, na walionekana mara ya mwisho lini? Na nani katika familia hii amepewa jina la mtu aliyepotea? Swali la cheo cha babu liulizwe mwisho. Hilo wazee wamezoea kulijibu, na majibu yake karibu yote yanafanana.